Ukungu wa mbawakawa watishia miti ya asili Durban

Mdudu mdogo kama chembe ya ufuta amewatia wasiwasi watafiti wa miti nchini Afrika Kusini.

Mbawakawa huyo, mwenye asili ya kusini mashariki mwa Asia, hutoboa shina na kupandikiza ndani yake ukungu uitwao Fusarium euwallaceae. Ukungu huo ndio chakula chake na cha watoto wake. Kwa mti lakini ni balaa: huziba njia za maji, matawi yakakauka na hatimaye mti ukafa.

Mwaka 2017 mtafiti Trudy Paap wa taasisi ya FABI, Chuo Kikuu cha Pretoria, alimgundua katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg. Uchunguzi wa sampuli za zamani ulibaini kuwa mdudu huyo alikwisha kukusanywa Durban mwaka 2012. Miaka mitano ilipita bila ya yeyote kumtambua.

Kwa vitongoji vya Durban kama Glenwood, ambako mitaa hupata kivuli cha miti, hilo si jambo dogo. Miongoni mwa miti ya asili inayoshambuliwa ni Erythrina caffra, maarufu kwa maua yake mekundu.

Hakuna tiba ya uhakika kwa mti ulioathirika vibaya. Wataalamu wanashauri ukatwe, usagwe au uchomwe, na kuni zisisafirishwe.

Mdudu huyo hupenda pia mparachichi. Nchini Israel aligunduliwa katika mashamba ya zao hilo mwaka 2009. Wakulima wa Njombe na Murang'a nao wana kila sababu ya kufuatilia utafiti huu.