Jinsi Faili za Tovuti Zinavyobanwa

Ukurasa wa tovuti haufiki katika kompyuta kama kitu kimoja. Kivinjari hupokea kutoka kwenye seva faili kadhaa: maandishi, maelekezo ya mpangilio, programu ndogondogo na picha. Ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, na kila baiti ina biti 8. Tuseme ukurasa una baiti 800,000, na njia ya mawasiliano hupitisha biti 400,000 kwa sekunde. Biti zote 6,400,000 zitahitaji sekunde 16. Zikipunguzwa hadi robo, sekunde 4 zatosha. Pale ambapo shule hulipia data kwa megabaiti, gharama nayo hupungua kwa kadiri hiyo hiyo.

Je, faili hupunguzwaje bila kupotea hata herufi moja? Jibu limo katika marudio.

Chukua maneno HABA NA HABA. Pamoja na nafasi mbili zilizo kati ya maneno, alama zote ni 12. Kila alama ikipewa baiti moja, zitatumika biti 96. Lakini herufi A hutokea mara 5, nazo H, B, N na nafasi hutokea kwa jumla mara 7. Yafaa basi A ipewe alama fupi:

A = 0
B = 100
Nafasi = 101
H = 110
N = 111

Jumla sasa ni biti 5 za A na biti 21 za alama nyingine, yaani biti 26. Kwa kuwa hakuna alama inayoanza kwa 0 isipokuwa A, msomaji wa biti hizo hawezi kuzichanganya. Njia hii ilichapishwa mwaka 1952 na David Huffman wa Marekani.

Njia ya pili ilielezwa mwaka 1977 na Jacob Ziv na Abraham Lempel wa Israeli. Badala ya kuliandika neno HABA mara ya pili, programu huandika agizo: rudi nyuma alama 8, nakili alama 4. Programu ya gzip, iliyotolewa mwaka 1992, huziunganisha njia hizi mbili. Seva hulibana faili, na kivinjari hulirejesha kama lilivyokuwa. Kabla ya hapo, programu nyingine yaweza kuondoa nafasi na maelezo ambayo kompyuta haiyahitaji. Ifahamike kwamba jedwali la alama nalo husafirishwa pamoja na faili; kwa hiyo faili dogo sana halinufaiki.

Picha za JPEG hubanwa kwa namna nyingine: mambo madogo ambayo jicho halitambui kwa urahisi huachwa, wala hayarudi tena. Njia hiyo haifai kwa maandishi, kwa maana tarakimu moja ikipotea katika hesabu, jibu zima huharibika.

Hakuna programu iwezayo kupunguza kila faili. Mipangilio ya biti 10 ni 1,024, lakini mipangilio yote ya biti 1 hadi 9 ni 1,022 tu. Kama kila mpangilio wa biti 10 ungefupishwa, baadhi yake ingelazimika kupewa alama moja, na isingewezekana kuitenganisha tena. Ndiyo sababu kwa kawaida faili lililokwisha kubanwa halipungui sana likibanwa mara ya pili.

Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani. Wanafunzi wabane faili refu la maandishi, waandike ukubwa wake kabla na baada, kisha walibane lile lililobanwa. Wafanye vivyo hivyo kwa picha ya JPEG. Tofauti za tarakimu zitawaonyesha faili lipi lina marudio mengi, na lipi halina tena cha kupunguzwa.