Kijana Anapotaka Kufungua Chaneli ya Video

Siku moja mama mmoja alimleta hospitalini kwetu binti yake wa miaka 14. Binti alilalamika kichwa kumwuma, usiku halali, na chakula hakitaki. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Damu ilikuwa ya kutosha, na macho yake yalikuwa mazima. Tulipoketi naye kando na kumwuliza taratibu, ndipo alipolia na kusema.

Alikuwa amefungua chaneli ya video mtandaoni ili kuonyesha ufundi wake wa kusuka nywele. Video tatu za kwanza zilipendwa. Katika ya nne, watu asiowajua walimcheka sura yake, na mmoja akaandika jina la shule yake, kwa kuwa nembo ilionekana kwenye sare. Tangu hapo aliamka kila usiku kusoma yaliyoandikwa. Mama hakujua lolote, ingawa simu ilikuwa yake mwenyewe.

Je, tumkataze?

Wazazi wengi hutuuliza hivyo. Sisi hatuoni kwamba kukataza tu ni dawa, kwani kijana aliyekatazwa hufanya kwa siri, na aliye sirini hana wa kumkimbilia siku ya taabu. Tena kazi yenyewe si mbaya. Humfundisha kijana kupanga mawazo, kusema mbele ya watu na kumaliza alichoanza. Kinachodhuru ni kuachwa peke yake.

Mwanzo mwema

Kwanza, umri usemwe kwa kweli. Kwenye YouTube, asiyetimiza miaka 13 hawezi kuwa na akaunti bila usimamizi wa mzazi. Tangu 2021, video za wenye miaka 13 hadi 17 huwekwa kwanza katika hali ya siri, mpaka mwenyewe abadilishe. Tena tangu Julai 2025 aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kurusha matangazo ya moja kwa moja akiwa peke yake. Anayedanganya umri huupoteza ulinzi huo.

Pili, asidai vyombo vya gharama. Video ya kwanza kabisa ya YouTube iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005 na mmoja wa waanzilishi wake, Jawed Karim. Alisimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, akasema kwa sekunde 19 tu. Kwa anayeanza, simu ya nyumbani yatosha. Aelekeze uso dirishani apate mwanga, aegemeze simu mahali isipotikisika, achague saa isiyo na kelele, aseme jambo moja analolijua vizuri.

Tatu, kabla ya kurusha, mzazi aitazame video yote. Isionyeshe sare ya shule, namba ya simu, nyumba kwa nje, wala njia anayopita kila siku. Wadogo zake na rafiki zake wasionyeshwe bila ruhusa ya wazazi wao.

Nne, sehemu ya maoni yaweza kufungwa. Twashauri ifungwe kwa miezi ya kwanza. Ikifunguliwa, mzazi asome kwanza. Mtu mzima asiyejulikana akimwandikia kijana faraghani, asijibiwe, na mzazi aambiwe siku hiyo hiyo.

Tano, fedha zisiwe shabaha. Ili kupata fungu la matangazo, YouTube hutaka watu 1,000 waliojiandikisha pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kutazamwa mara milioni 10 kwa video fupi ndani ya siku 90. Aliye chini ya miaka 18 hupokea kupitia akaunti ya mzazi au mlezi. Wengi hawafiki huko, na wanaofika huchukua muda mrefu.

Afya yake

Kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Kwa hiyo simu ilale chumbani kwa wazazi. Akiwa anahariri video, kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike. Video moja kwa wiki yatosha, baada ya masomo na kazi za nyumbani.

Mkimwona amejitenga, hali, halali, au anasema hana thamani, msingoje wala msimkaripie. Mleteni hospitalini. Akitaja kutaka kufa, aletwe saa hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake njiani.

Yule binti tulimwita mara tatu kuzungumza naye. Video ile ya nne ilifutwa na maoni yakafungwa. Sasa anasuka akiwa na gauni la nyumbani, na anayeshika simu ni mama yake.