Saa Tano na Dakika Hamsini na Nane

Hapa kwa mboka yetu Industrial Area, mdosi aliniita siku moja akanikalisha kwa kompyuta, akanionyesha imeili za watu walikuwa wameomba nafasi mbili za karani wa stoo. "Zipange. Wenye wametuma kila kitu huku, wenye wamekosa huku." Mimi ni mtu wa Kayole, msoto naujua, so nilikaa hapo na roho safi. Nilitaka kila mtu aingie ile folda ya kwanza. Kufika lanchi, folda ya pili ilikuwa imefura, na ile ya kwanza bado naihesabu na vidole.

Kenye kiliniuma ni venye hao watu walikuwa wamesoma. Kulikuwa na dem ako na digrii, kulikuwa na morio amepanga mali kwa godauni miaka minne. Nikaanza kuangalia saa zenye imeili ziliingia. Deadlaini ilikuwa Ijumaa saa sita usiku. Zile za Jumanne na Jumatano, nyingi zilikuwa fiti. Zile za Ijumaa usiku ndio nilipata barua imeandikiwa kampuni ingine kabisa, namba ya simu imekosa tarakimu moja, cheti cha mtu mwingine kimeingia ndani. Moja ilifika saa tano na dakika hamsini na nane. Huyo ndiye alikuwa na miaka minne ya godauni. Aliandika barua safi sana, akaeleza kila kitu, alafu akasahau kuweka CV.

Hiyo saa tano naijua. Nikiwa nimetoka koleji niliona tangazo Jumatatu, nikasema nitafanya jioni. Jioni ikafika, kuna mechi. Jumanne stima ikapotea. Alhamisi mathe akaniuliza, nikamwambia bado kuna wakati. Ijumaa usiku niko kitandani na simu, data inaisha, nachukua barua ya kazi ya hoteli niliomba mwezi uliopita naigeuza. Jina ya kampuni hapo juu nikabadilisha, ile ya katikati ikabaki. Hakuna mtu alinipigia. Miezi mingi nilikuwa naamini ni ju sina mtu wa kunishika mkono huko ndani. Na kweli, hiyo mambo ya kujuana iko, siwezi waambia haiko. Lakini ile barua, hata ningekuwa mimi ndiye naisoma, ningeipeleka folda ya pili.

Ukikaa upande ule mwingine wa meza unaona venye kunaenda. Nilikuwa nafungua CV moja, macho yanakimbia kwa jina, namba, kazi ya mwisho, masomo, basi, niko kwa ingine. Kama umeanza na mistari kumi za venye wewe ni mchapa kazi mwenye kujituma na unapenda kufanya kazi na wengine, nimeshachoka kabla nifike penye umejob. Anza na kenye mikono yako imefanya. Nimepokea lori, nimehesabu stoki, nimejaza leja, nimeuza duka ya shosho likizo yote na pesa ikabalansi. Hata hiyo ya shosho weka. Mtu wa stoo anataka mtu pesa na mali zinabalansi mikononi mwake.

Na ile anwani ya imeili ulifungua ukiwa form two, ile ya kujiita mtamu, iache ipumzike. Fungua ingine na majina yako mawili. Cheti usikipige picha kikiwa juu ya blanketi na kidole kimeingia kwa kona; nenda saiba wakuscanie. Kuna msee aliweka kampuni zaidi ya kumi kwa mstari mmoja wa wapokeaji, kila mdosi anaona wenzake wote. Najua alikuwa anaokoa wakati. Aliokoa dakika kumi na tano, akapoteza zile kampuni zote kwa mpigo.

Simu nayo ni kilio. Mdosi alinipea namba za wale wamepita nipige. Wa kwanza, mteja. Wa pili, mteja. Mtu amepoteza laini, amechukua ingine, CV bado ina namba ya zamani. Wa tatu alishika akasema "Nani?" na kelele ya nganya nyuma, na nikijitambulisha akakata. Kama umeomba mboka mahali, kwa wiki mbili zinafuata namba ngeni ishike na salamu. Na wale watu watatu unaandika mwisho wa CV waulizwe habari zako, waambie mapema. Odijo wako wa zamani akipigiwa ghafla aulizwe kama anakujua, anaweza sema hakumbuki, na hajakosea.

Sasa karatasi. Hapa ndio vijana wengi wanashikwa na saa, ju hizi vitu hazitoki siku moja. Good conduct unaombea eCitizen, unalipa ada yake, unaprinti fomu ya C24, unaenda kupigwa alama za vidole Huduma Centre ama pale DCI Kiambu Road, alafu unangoja. Tax compliance ya KRA ni bure, lakini ukiwa ulichukua PIN ukiwa koleji na hujawahi fanya ritani, utapata deni inakungoja. Hata kama hujapata shilingi moja, ritani ya sufuri lazima iingie kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka. Ukipitisha, faini ni Ksh 2,000. Nimeona msee akilia kwa saiba ju miaka tatu zimejumlishwa na hajawahi shika mshahara. Hiyo ritani inafanywa na simu, haimalizi nusu saa. Ifanye kabla Juni iishe.

Na ujue haki yako pia. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022, mwajiri haruhusiwi kukuitisha hizi clearance kabla akuwe tayari kukupea kontrakti. Kuna mahali bado wanaziweka kwa tangazo. Hiyo inaniudhi sana, ju msee amesota anatoa maelfu kununua karatasi za kazi yenye hata hajaitwa. Lakini good conduct mimi ningeianza mapema hata hivyo, ju ofa ikikuja na karatasi iko njiani, wiki zinaenda na mdosi anatafuta mwingine. Na mtu akikuambia utume pesa ya medical ama ya usajili kwa M-Pesa kabla hujaona ofisi yao, zima simu. Hakuna mboka hapo.

Kuhusu lugha: Sheng ni yetu, nimelelewa nayo, naandika nayo, na hakuna mtu ataniambia ni lugha ya wahuni. Kwa intaviu ingia na Kiswahili ama Kizungu yenye unaiweza vizuri, na uongee polepole. Nimeona morio mwerevu akijilazimisha Kizungu ya ndani sana ju ya uoga, akapotea katikati ya sentensi, na angeulizwa na Kiswahili angewafunza wote hapo ndani. Unaweza omba. Sema, "Naomba nijibu hiyo kwa Kiswahili." Mimi niliomba, wakakubali, na ndio niko hapa.

Ukishaingia, saa inakufuata ndani. Probesheni kwa sheria haifai kupita miezi sita, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali iongezwe, na ukiwa hapo katikati kontrakti inaweza katwa na notisi ya siku saba. Siku saba, wasee. So vitu ndogo zinahesabiwa.

Mimi nikitoka keja saa kumi na moja na nusu mangware, saa kumi na mbili na kitu naalight Taj Mall (hiyo moli ilibomolewa 2018, makanga bado wanaiita steji hivyo) na natembea Lunga Lunga nikiwa mtulivu. Nikilala hadi saa kumi na mbili, Outering imeshafunga, mvua ikinyesha ndio kabisa. Ile nusu saa ya kitanda inakula saa nzima ya barabara. Niliijua nikiwa nimechelewa mara mbili kwa wiki moja na mdosi hakusema kitu, aliangalia tu ukuta penye saa iko.

Kwa stoo kuna mzee tunamwita Guka. Kila jioni kabla atoke anapasua kipande cha katoni, anaandika lori gani inaingia kesho, stoki gani lazima ihesabiwe, nani anafaa kupigiwa. Anaiacha juu ya meza, anafunga koti, anaenda. Mimi nilikuwa nafika nachemsha chai, nacheki WhatsApp ya mbogi, nauliza watu leo kuna nini, na saa ya kwanza yote imeisha. Guka anafika na mikono yake inajua penye inaenda. Nikaanza kupasua katoni yangu. Ile kazi nzito, kuhesabu, naifanya kabla saa tatu, kabla madereva waanze kupiga honi hapo geti. Ukianza na zile rahisi, saa nane unajikuta na ile nzito na kichwa imechoka, na hapo ndio unaandika 60 penye ni 600.

Simu naiweka droo hadi chai ya saa nne. Msee akikuja na "dakika mbili tu," namwambia, "Bro, nimalizie hii ukurasa, saa tano nakuja kwako," na saa tano naenda kweli, ju usipoenda atarudi kukukatiza kesho. Kazi ikionekana haitaisha, mdosi ajue saa sita mchana. Akiijua jioni, imekuwa ngori yako. Akiijua mchana bado anaweza kukupea mtu wa kukusaidia. Na lanchi nakula. Natoka hadi kibanda, chapo dondo, nakaa chini. Kuna watu hapa wanakula wamesimama juu ya leja wakidhani inaonekana kama bidii, na wao ndio wanarudia hesabu mara mbili. Kubaki ofisini hadi usiku pia sikuiti bidii, kama mchana ulikuwa unatembeatembea.

Sista yangu mdogo ameomba mboka juzi. Tangazo aliliona Jumatatu, deadlaini Ijumaa. Jumatatu usiku akaandika, mimi nikamwambia asitume. Jumanne akaprinti kwa saiba, akaisoma kwa sauti hapo kwa kitanda, mathe akiwa anachambua sukuma. Mathe hajasoma sana. Akasimamisha kisu akauliza, "Mbona umesema umeanza 2023, ukamaliza 2022?" Tukaangaliana. Mimi nilikuwa nimeisoma mara mbili na sikuwa nimeona.

Alituma Jumatano saa nne asubuhi. Ijumaa saa tano usiku nilipita kwa mlango wake, taa imezimwa, amelala, simu iko kwa chaja na sauti imewekwa juu.