Kikasha cha Kuacha Nje Katika Mvua za Annexe

Mwulize mchezaji wa jiokashi (mchezo wa kuficha na kutafuta vikasha kwa GPS) wa Marekani au Ulaya ni chombo gani anachokiamini porini, na mara nyingi atakutajia sanduku la chuma la risasi za jeshi. Kifuniko chake hubanwa kwa komeo, mpira mnene huzunguka mdomo wote, na rangi yake ya kijani hupotea kwenye majani. Hukaa miaka chini ya theluji na mvua, na daftari lililomo likabaki kavu.

Kwa Annexe, komuni ya Lubumbashi, nasema wazi: usilitumie. Mtu atakayelikuta kwenye kichaka cha Kasapa au kando ya kijito cha Naviundu hatawaza mchezo, atawaza silaha, na Katanga imeona vita vya kutosha kumpa haki ya kuogopa. Asiyeogopa ataona kilo za chuma, na kabla ya jioni sanduku litakuwa kwenye mizani ya wanunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu. Chombo kinachofaa hapa kizuie maji, na pia kisimtishe wala kumtamanisha anayekikuta bila kukitafuta. Sharti hili la pili ndilo linalosahaulika.

Mchezo wenyewe bado ni mchanga. Mapema Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayopokelewa na raia, na vipokezi vya kawaida vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi wa mita chache. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliweka ndoo nyeusi ya plastiki msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vya GPS vya mahali pale. Anayeipata achukue kitu, aache kitu, aandike jina lake daftarini. Leo vikasha vya namna hiyo vimepita milioni 3 duniani. Nawaandikia viongozi wa skauti, walimu wa jiografia na wanafunzi wa Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), maana simu zao nyingi zina GPS, na Annexe inauzunguka mji wa Lubumbashi kwa vijia, vijito na mabaki ya miombo. Ni darasa la ramani lisilo na ada.

Basi tuanze na maji, kwa sababu wengi hawajui yanavyoingia. Mtu hununua kopo sokoni, analifunga kwa nguvu, analimwagia maji ya bomba, haoni tone ndani, anaridhika. Mvua za kwanza zikifika, daftari linalowa. Kosa halikuwa la mvua peke yake.

Fikiria mchana wa mwisho wa Oktoba, kabla mawingu hayajafunga. Kopo limelala juani, hewa iliyomo imefika digrii 45 bila shida. Saa tisa mvua inashuka, na kwa dakika chache kopo linapoa hadi digrii 20. Hewa ile ikipoa kiasi hicho hupoteza karibu asilimia 8 ya mgandamizo wake. Kwa mwinuko wa Lubumbashi, yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, upungufu huo ni sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha sentimita 70 hivi. Kwa maneno mengine, kopo linavuta. Na wakati huohuo maji yametuama juu ya kifuniko, tayari kuvutwa. Ufa usioonekana kwa macho unatosha, tena unatosha kila siku yenye jua na mvua, na kwetu siku hizo huanza Novemba zikaendelea hadi Machi au Aprili. Kiangazi nacho kina namna yake: Juni na Julai mchana ni wa joto na usiku wa baridi kali, kikasha kinavuta hewa na kuitoa, na kila ikivutwa huja na unyevu kidogo unaogeuka matone ukutani.

Ukishalielewa hilo, mengi yanajipanga yenyewe. Kikasha kikae kivulini, ili joto lisipande sana. Mdomo uelekee chini au ubavuni, maji yasipate pa kutuama. Na kifuniko kiwe na mpira unaobanwa sawasawa pande zote. Kifuniko cha kubandika tu, kama cha kopo la majarini, hakifai hata kikionekana kimekaza. Vichupa vya filamu za kamera, vilivyopendwa sana na wachezaji wa mwanzo, vilishindwa kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu plastiki, geuza chombo ukitazame chini. Kuna pembetatu yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, na hiyo ndiyo hutengenezewa visanduku vya chakula vyenye vibanio vinne na mpira wa silikoni kwenye kifuniko. Vinapatikana soko la komuni ya Kenya hapa Lubumbashi na kwa wanaoleta bidhaa kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kwa mtu anayeanza, hilo ndilo chaguo langu. Kabla ya kulipa, chomoa ule mpira kwa ukucha na uutazame: uwe mzima, laini, usio na mshono uliopinda. Kisha funga na ufungue vibanio mara nyingi pale pale dukani, hata muuzaji akinuna, kwa sababu sehemu inayokufa kwanza ni ile bawaba nyembamba ya kibanio. Udhaifu wa pili wa namba 5 ni jua. Miale yake huikausha plastiki isiyo na kinga hadi inavunjika kwa kubanwa na vidole, sababu nyingine ya kutafuta kivuli.

Namba 2 ni plastiki ya bidoni za mafuta ya kupikia. Ni ngumu, haivunjiki ovyo, lakini mdomo wake ni mdogo, na bidoni nzima isiyo na mwenyewe haikai siku mbili Annexe. Kila nyumba ina haja nayo ya kutekea maji.

Namba 1 ni ya chupa za maji na soda. Chupa yenyewe ni nyembamba mno, hubonyea ikivuta. Lakini kabla ya kupulizwa kiwandani, chupa huwa ni mrija mfupi wenye ukuta mnene na mdomo wenye hesi kamili. Wachezaji wa nchi nyingi wameupenda mrija huo: hauvuji, unaonyesha kilichomo, haumtishi mtu, na haufai kwa kazi nyingine yoyote nyumbani. Mwenye ndugu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kujaza maji amwombe michache iliyokataliwa. Karatasi iliyokunjwa huingia bila taabu.

Anayetaka kitu cha miaka mingi aende kwa fundi wa bomba. Kipande cha PVC chenye urefu wa kiganja, upande mmoja kizibo kilichogundishwa kwa gundi ya PVC, upande wa pili kizibo cha hesi chenye duara la mpira. Mchwa hawakiwezi kirahisi, na hapa mchwa si jambo dogo: vichuguu vyao vikubwa kandokando ya Lubumbashi hufika mita 5 na kuzidi. Usipake mpira huo vaselini. Mafuta hayo ya petroli huuvimbisha mpira wa asili na kuulegeza. Pia usifiche mrija huo karibu na bomba la watu, utang'olewa na fundi mwingine.

Chochote utakachochagua, kijaribu kama mvua itakavyokijaribu. Weka ndani kipande cha karatasi ya chooni na jiwe la kukizamisha. Kifunge, kiache juani hadi kiwe moto mkononi, kisha mara moja kizamishe kwenye ndoo ya maji baridi ya kisima na ukiache usiku kucha. Asubuhi kikaushe nje kabla ya kukifungua, usije ukadanganywa na maji ya kifunikoni. Karatasi ikiwa na doa moja tu, chombo hicho kibaki jikoni.

Ndani, daftari liingie kwenye mfuko wa plastiki wa kubana, na watu waandike kwa penseli, kwani risasi ya penseli haichuruziki ikiguswa na maji. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyowekwa kwenye masanduku ya viatu husaidia kunyonya unyevu mdogo, ila haviwezi kuokoa kikasha kinachovuja. Chakula marufuku, na pipi na sabuni pia. Panya atatafuna plastiki ya namba yoyote akinusa kitu, na siafu hawahitaji hata tundu kubwa.

Moto ndio unaonipa wasiwasi kuliko yote. Kila kiangazi nyasi za miombo huchomwa. Plastiki ya namba 2 huyeyuka kwenye digrii 130 hivi na ya namba 5 kwenye 160 hivi, na moto wa nyasi unavuka joto hilo bila kusumbuka. Hakuna kikasha cha plastiki kinachookoka katikati ya nyasi ndefu. Kiweke kati ya mawe, mahali ambapo nyasi hazioti, juu ya jiwe bapa na si juu ya udongo. Usichimbe, maana kanuni za mchezo zinakataza kuchimba bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi. Usitoboe kichuguu vilevile, maana nyoka hupenda matundu hayo.

Julai 2011, katika mji wa Wetherby nchini Uingereza, kikasha kidogo cha mchezo huu kiliwatia watu hofu hadi wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Ikiwa ilitokea pale, kwetu hatuna sababu ya kubahatisha. Kaa mbali na uwanja wa ndege wa Luano, gereza la Kasapa, kambi za askari, migodi na nguzo za umeme. Mweleze shefu wa kartie na mwenye parseli kabla ya kuweka chochote, na uwaonyeshe kilichomo. Juu ya kikasha andika kwa Kiswahili na Kifaransa kwamba ni mchezo, pamoja na jina la kundi lenu. Chenye ukuta unaopitisha macho ni bora zaidi kwa usalama, hata kama kitachakaa mapema.

Kitembelee mara mbili kwa mwaka. Mwishoni mwa Aprili, mvua zikiisha, badilisha daftari na ufute mchanga kwenye mpira, kwa sababu punje moja inatosha kuacha njia ya maji. Katikati ya Oktoba, kabla hazijaanza, rudia jaribio la ndoo. Kundi likivunjika au mwalimu akihamishwa, kikasha kitolewe siku ileile na vipimo vyake vifutwe kwenye orodha ya mchezo. Annexe ina plastiki ya kutosha kwenye mitaro yake.