Kwadi Ndogo, Pistoni Kubwa: Milimita Ngapi Zinatosha?

Mwenye kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya cc 150 inayochoka mlimani humfikia fundi na ombi moja tu: chombo kiongezwe nguvu. Njia inayotajwa haraka kuliko zote ni kung'oa silinda na pistoni vilivyotoka kiwandani na kufunga seti kubwa zaidi. Boksi moja limeandikwa cc 155, jingine cc 170, la tatu cc 180. Mteja macho yake yako kwenye namba hizo. Fundi anayeijua kazi anatafuta venia ya kupimia.

Ana sababu ya kutoamini maandishi. Bajaj Boxer BM150, pikipiki ambayo waendesha bodaboda wanaijua kama viganja vyao, ina pistoni ya milimita 56 inayopanda na kushuka milimita 58.8, na hesabu yake ni cc 144.8. Kwadi ndogo nyingi za Kichina zinazoitwa 110 zina pistoni ya milimita 52.4 na mwendo wa milimita 49.5, yaani karibu cc 107. Honda TRX90, kwadi ya vijana iliyodumu sokoni miaka mingi, ina cc 86. Jina la biashara hukadiria, kipimo hutaja kilichomo.

Kwadi nyingi za cc 150 zinazotumia mkanda badala ya gia za mguu zimefungwa injini ya ukoo wa GY6, ileile inayopatikana kwenye skuta chungu nzima duniani. Pistoni yake ya kiwandani ni milimita 57.4 na mwendo wake milimita 57.8. Ukiweka pistoni ya milimita 58.5 unapata cc 155, ongezeko la takriban asilimia 4. Ya milimita 61 inakupa cc 169, asilimia 13 zaidi. Ya milimita 63 inafika cc 180, na hapo umeongeza asilimia 20. Milimita chache zinazaa sana kwa sababu eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo chake.

Swali la kwanza, basi, ni kama silinda hiyo itaingia. Silinda ya GY6 hushikwa na boliti nne ndefu, na injini hizi ziko za aina mbili: zenye nafasi ya milimita 54 kati ya boliti na zenye milimita 57. Seti ya aina moja haikai kwenye aina nyingine, hata muuzaji aape. Halafu kuna mdomo wa kasha la krenki, tundu ambalo shingo ya silinda huzama. Seti ya 58.5 kwa kawaida huingia bila kugusa chuma. Ya 61 au 63 mara nyingi hudai mdomo huo upanuliwe. Maana yake injini yote ishuke, ifunguliwe katikati, krenki itolewe, kasha lipelekwe kwa mkereza, kisha lisafishwe mpaka isibaki hata chembe ya alumini ya kuingia kwenye beringi. Kazi ambayo mteja alidhani ni ya mchana mmoja inakuwa ya siku kadhaa, na kasha likishachongwa halirudi lilivyokuwa.

Mafundi wa pikipiki wa Afrika Mashariki wana uzoefu unaowasaidia hapa. Wamezoea pistoni za ovasaizi, milimita 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00 zaidi, ambazo hufungwa baada ya kuchonga silinda iliyokwisha. Wanajua kwamba kila unapochonga, ukuta wa slivu unapungua. Ukuta mwembamba hauvumilii joto vizuri: hujipinda kidogo, ringi hazishiki sawasawa, na oili huanza kuungua. Katika seti kubwa jambo hilohilo hutokea kwa kiwango kikubwa zaidi, hasa pale mtengenezaji anapobana shingo ya silinda iwe nyembamba ili iingie kwenye kasha bila kuchonga. Seti inayojisifu kwamba ni kubwa na tena haihitaji kuchonga inafaa kupimwa unene wa shingo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Tuseme injini ya kiwandani ina mgandamizo wa 9 kwa 1. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni karibu cc 18.7. Ukifunga pistoni ya milimita 61 na nafasi hiyo ikabaki vilevile, mgandamizo unapanda hadi karibu 10 kwa 1. Kwa ile ya 63 unapita 10.6. Injini huamka, ndiyo, lakini joto nalo hupanda, na petroli hafifu inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, ule mlio wa kugonga ambao fundi mzoefu akiusikia huzima injini papo hapo. Ndiyo maana umbo la kichwa cha pistoni na silinda hedi inayokuja na seti vina uzito kuliko rangi ya boksi. Hedi yenye valvu ndogo za zamani juu ya silinda ya cc 180 ni sawa na kumpa mtu mzima pua ya mtoto apumulie.

Kabureta nayo lazima ifuate. Jeti iliyotosha cc 150 ikiachwa kwenye silinda kubwa, hewa inazidi petroli, plagi inatoka nyeupe kama mfupa, pistoni inapata moto na kukwama. Huu ndio msiba unaoua seti mpya wiki ya kwanza, kisha lawama zote zikaelekezwa kwa mtengenezaji wa pistoni. Mkanda na rola zake navyo hupangwa upya, la sivyo nguvu mpya inaishia kuuchoma mkanda.

Kwa kwadi zinazokodishwa kwa watalii kwenye mchanga wa Unguja au Diani, zinazotembea polepole kwa saa nyingi juani, uamuzi ni mwepisi: 58.5, au silinda mpya ya kipimo cha kiwandani. Mara nyingi kwadi iliyochoka haina upungufu wa cc. Ringi zimekwisha, valvu hazifungi, mkanda umelegea. Kupima mgandamizo kabla ya kununua chochote kumeokoa injini nyingi.

Kwadi ya mtoto ni habari nyingine kabisa. Nchini Marekani, baada ya ajali nyingi zilizoleta makubaliano ya 1988 kati ya serikali na watengenezaji, kwadi ziligawanywa kwa umri: chini ya cc 70 kwa miaka 6 na kuendelea, cc 70 hadi 90 kwa miaka 12, zaidi ya hapo miaka 16. Baadaye kipimo kikawa kasi badala ya cc, na kwadi ya mtoto wa miaka 6 haitakiwi kuvuka takriban kilomita 24 kwa saa. Breki, matairi na fremu yake vimetengenezwa kwa kasi hiyo. Mzazi anayemfungia mwanawe pistoni kubwa amembadilishia injini na kumwachia breki zilezile, na hapo fundi ana haki ya kukataa kazi.

Seti ikishafungwa, boliti zikakazwa kwa msalaba na kwa awamu, injini ikawashwa, ikaachwa ipoe na kuwashwa tena, fundi makini huchukua kalamu ya rangi na kuandika 58.5 pembeni mwa silinda. Siku moja kwadi hiyo itafunguliwa na mtu mwingine, naye asipoliona andiko hilo ataagiza ringi za 57.4.