Tundu dogo linaloamua uhai wa mashine ya boti Kilombero

Vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Udzungwa hupita Kisawasawa na vijiji jirani kabla ya kuishia katika bonde la Kilombero. Wakati wa masika havileti maji peke yake. Huja na mchanga, tope, majani makavu na vipande vya matete, na mzigo huo wote hatimaye huingia katika mto ambao wavuvi na wasafiri hupita kwa mitumbwi na boti ndogo. Kwa anayetumia upondo au kafi, uchafu huo ni kero tu. Kwa aliyefunga mashine nyuma ya boti yake, waweza kuwa mwisho wa mashine hiyo.

Sababu ni kwamba mashine nyingi za aina hii hazina rejeta wala feni kama gari. Hupozwa na maji yale yale zinayoelea juu yake. Zipo chache, hasa zile ndogo kabisa, zinazopozwa kwa hewa, na mwenye mashine ya namna hiyo hana haja ya kusumbuka na yanayoelezwa hapa. Waliobaki wote wanategemea pampu moja ya mpira ambayo wengi wao hawajapata kuiona.

Pampu hiyo imefichwa ndani ya mguu wa mashine, juu kidogo ya giaboksi. Ni gurudumu dogo la mpira lenye mapezi, limevishwa kwenye shafti iendayo chini kuzungusha pangaboi. Injini inapowaka shafti huzunguka, na gurudumu huzunguka nalo. Maji huvutwa kupitia matundu yenye wavu yaliyo ubavuni mwa mguu, husukumwa juu kwa bomba jembamba hadi kwenye silinda, huzunguka na kuchukua joto, kisha hurudi chini na kutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo ya maji hayo hutolewa nje kupitia tundu dogo lililo chini ya kifuniko cha injini. Mchirizi unaoonekana ukiruka nyuma ya boti ndio huo.

Mchirizi huo haupozi kitu. Kazi yake ni kumjulisha dereva kwamba pampu inafanya kazi, na kwa hiyo ndicho kitu cha kwanza cha kutazamwa kila mara injini inapowashwa, kabla hata ya kufungua kamba.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika mbili. Mguu wa mashine ushushwe mpaka matundu ya kuvutia maji yazame kabisa. Anayefanya majaribio nyumbani atumie pipa lililojaa maji, na pangaboi livuliwe ikiwezekana. Mashine isiwashwe kamwe ikiwa kavu, hata kwa ajili ya kusikiliza mlio wake tu. Mpira wa pampu hulainishwa na maji yanayopita; yakikosekana husuguana na ukuta wa chuma na kuungua kwa muda mfupi sana. Wauzaji wa mashine kuukuu wana tabia ya kuiwasha juu ya benchi ili mnunuzi asikie inavyonguruma. Mnunuzi mwenye busara atawazuia.

Baada ya kuwaka, maji yatokee katika muda mfupi. Mchirizi uwe imara, na uongezeke nguvu mafuta yanapoongezwa. Ukiwekewa kidole uwe wa vuguvugu. Ukiwa wa moto wa kuchoma, au ukitoka mvuke badala ya maji, injini izimwe papo hapo. Mchirizi unaokatika-katika mara nyingi huashiria kwamba pampu inavuta hewa pamoja na maji.

Jambo hili la kuvuta hewa hutokea sana kwenye mitumbwi na boti za mbao, na kosa mara nyingi si la mashine. Mashine hutengenezwa zikiwa na miguu mirefu au mifupi. Mwenye mguu mfupi akiifunga kwenye ubao mrefu wa nyuma, matundu ya maji hubaki karibu mno na uso wa mto. Kipimo chepesi ni lile bamba bapa lililo juu ya pangaboi: liwe sawa na sakafu ya boti au chini yake kidogo. Hata boti iliyofungwa vizuri yaweza kupata tatizo hilo hilo magunia ya mpunga yakirundikwa yote mbele, kwa kuwa nyuma huinuka.

Maji yasipotoka kabisa, hatua ya kwanza ni kuzima injini. Aliye katikati ya mto aelekee ukingoni kwa kafi au atie nanga, maana boti inayochukuliwa na mkondo haina simile, na Kilombero ina viboko na mamba. Kisha aanze na lililo rahisi. Tundu la mchirizi huzibwa na mchanga au na wadudu wanaojenga viota ndani yake mashine inapokaa ghalani. Waya mwembamba au kipande cha mshipi wa kuvulia hutosha kulizibua. Baadaye mguu uinuliwe na wavu wa matundu ya chini ukaguliwe. Mfuko wa plastiki au bonge la majani lililogandamana hapo huondolewa kwa mkono.

Yote hayo yakifanyika na maji bado hayatoki, shaka inabaki kwa pampu. Safari na iishie hapo. Kuendelea polepole kwa matumaini ya kufika ndiko kunakoua mashine, kwa sababu pistoni, ambayo ni ya aluminiamu, hutanuka kwa joto kuliko silinda inamopanda na kushuka. Nafasi kati yao hutoweka, oili iliyochanganywa na petroli huungua, na vyuma hushikana. Mafundi husema injini imenoki. Dereva kwanza huhisi nguvu ikipungua na harufu ya rangi inayoungua. Baada ya hapo ni kimya. Injini iliyopata moto namna hiyo isimwagiwe maji baridi, kwani chuma chaweza kupasuka. Iachwe ipoe yenyewe.

Aidha, mchirizi mzuri si hati ya kwamba kila kitu kiko salama. Unathibitisha pampu tu. Tope lililokauka ndani ya njia za maji kuzunguka silinda, au thamostati iliyokwama, vyaweza kuacha injini ikichemka huku maji yakiruka nje kama kawaida. Ndiyo maana dereva mzoefu hugusa pia kifuniko cha silinda na kusikiliza mlio.

Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, wanaokwenda Mahenge hawategemei tena kivuko pale Ifakara, mahali ambapo MV Kilombero II kilipinduka Januari 2016 baada ya kupigwa na upepo mkali. Lakini daraja ni moja na bonde ni pana. Eneo hilo oevu, lililoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, lina kambi za wavuvi zisizofikiwa kwa barabara wakati wa mafuriko, na huko mgonjwa au mzigo wa samaki hutoka kwa njia ya maji.

Katika mto wenye mchanga, mpira wa pampu huchakaa haraka kuliko katika maji safi. Ubadilishwe angalau mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Kazi hiyo humtaka fundi kufungua boliti chache na kuushusha mguu. Wakati wa kuvisha mpira mpya, shafti izungushwe kwa mwelekeo ule ule inaozungukia injini ikiwaka, ili mapezi yalale upande ulio sahihi. Na ule wa zamani ukikutwa umepoteza mapezi mawili, fundi asifunge mpaka ayapate yote mawili, kwa kuwa yatakuwa yamepanda kwenye bomba na yatauzuia mpya kupandisha maji.