SUPU YA PEZI NA PAPA WETU

Sisi wa Likoni twamjua papa tangu utotoni. Ukishuka feri ukapita sokoni, pua ndiyo itakayokuambia kwamba kuna ng'onda. Papa huyo aliyetiwa chumvi akaanikwa, akipikwa kwa nazi na kuliwa kwa sima, hakuna asiyejilamba vidole. Lakini je, mwajua kwamba mara nyingi anapofika sokoni huwa hana mapezi? Yamekwenda wapi? Hilo ndilo nitakalowaeleza.

Mapezi huenda Uchina. Huko kuna supu ya pezi la papa, ambayo tangu zamani ilikuwa chakula cha wafalme na matajiri. Pezi kavu hulowekwa, kisha huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zibaki nyuzinyuzi mfano wa tambi. Na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: nyuzi hizo hazina ladha hata kidogo! Utamu wote watoka kwa kuku na nyama nyingine zinazopikwa humo. Basi kwa nini watu wailipie pesa nyingi hivyo? Ni heshima tu. Mwenye arusi huwaandalia wageni supu hiyo asije akaonekana bahili.

Zamani walioweza kuinunua walikuwa wachache. Uchumi wa Uchina ulipoanza kukua miaka ya 1980, watu wengi wakapata uwezo, na mapezi yakatafutwa kila bahari. Katika bahari kuu, meli nyingine hukata mapezi tu, na papa hutupwa majini angali hai. Hawezi kuogelea, huzama akafa. Sababu ni kuwa nyama yake ni ya bei ya chini na hujaza meli, ilhali pezi ni jepesi na ni ghali. Wavuvi wetu wao humleta papa mzima pwani. Nyama huwa ng'onda, na mapezi huuzwa kwa wafanyabiashara wa kuyapeleka ng'ambo. Hata hivyo jarife, ule wavu wa papa, haliulizi nani ana mimba.

Papa si kama dagaa. Papa pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, huchukua miaka mingi kukomaa, na mimba yake hukaribia mwaka mzima. Tukivua upesi kuliko wanavyozaa, wataisha. Wataalamu walieleza mwaka 2021 kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970.

Dunia nayo haikulala. Mwaka 2006 Yao Ming, mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu, aliwaomba Wachina wenzake waiache supu hiyo. Mwaka 2013 serikali ya Uchina iliipiga marufuku katika karamu zake rasmi. Mwaka huo huo, mjini Bangkok, mataifa ya mkataba wa CITES, Kenya ikiwa miongoni mwao, yaliamua kuwa pingusi na mapezi yao wasiuzwe nchi za nje bila kibali. Mwaka 2022 papa wa aina nyingine nyingi wakaongezwa.

Mtu ataniuliza, "Sasa mvuvi ale nini?" Swali hilo ni la haki. Mvuvi wa Likoni au Mtongwe ana watoto wa kusomesha, na baadhi yao twaketi nao darasani. Simlaumu. Lakini papa akiisha, mnunuzi wa mapezi atahamia bahari nyingine, nasi tutabaki na majarife matupu na soko lisilo na ng'onda. Kwa maoni yangu, mvuvi akimpata papa mchanga aliye hai, na amwachilie akue, nasi tusinunue vitoto vya papa sokoni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ndugu zangu, pezi lisilo na ladha lisije likatunyang'anya mchuzi wetu wenye ladha.